Mahali pa Sukari

Mama aliniona wa njano. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka uani kwetu Vidunda, nami nimesimama mbele yake na begi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuwa njano, mwanangu? Na ukuta nao?"

Nilimshika mkono nikatazama saa. Mapigo thelathini na nane kwa dakika. Kila moja lilikawia mpaka nikadhani halitakuja.

Wiki mbili kabla, hospitali moja ya Mikumi ilimpa vidonge vya moyo. Asili yake ni mmea. Vikizidi mwilini, mtu huweza kuona njano. Kazi yangu ni dawa za jamii hiyo. Molekuli yake ina vipande viwili: sukari, na kiini kisicho sukari, ambacho ndicho huushika moyo na kuupunguza mwendo. Maabarani tunaikata sukari au tunakibadilisha kiini, tukitafuta dawa itakayoshika bila kuua. Lakini mama alimeza kidonge kimoja kwa siku, kama alivyoagizwa. Nilivihesabu vilivyobaki.

Mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, akatoka jikoni na kikombe.

"Humo mna nini?" nikamuuliza.

"Mizizi ya mlimani. Tunailoweka na kimea cha mtama siku tatu, kimea kinakula ukali. Bila hii ungekuja kula wali wa msiba."

Alicheka peke yake. Kama mizizi ile ina molekuli ya jamii hiyohiyo, basi kimea hukata sukari yake, kama sisi tunavyoikata kwenye chupa.

"Na mimi nakunywa," akasema. "Tangu bibi yako yu hai." Akaninyoshea mkono. Nikapima: arobaini. "Umemaliza, daktari wa chupa? Mboga inaungua."

Siku hiyohiyo nilimpeleka mama Mikumi. Daktari alisimamisha vidonge na kikombe, nami nikaondoka na chupa ya maji yale, mzizi mkavu na kimea kidogo, nikavipime.

Maabarani nimeona kwamba katika maji yale sukari yote imekatwa, kama nilivyotarajia. Kiini kipo. Ila pale ilipokuwa sukari pameshika kitu kingine, ambacho hakimo katika mzizi mkavu wala katika kimea. Nimerudia kipimo mara tatu.

Mapigo ya mama yalipanda hadi hamsini, yakabaki hapo. Jana daktari alinipigia simu: miguu ya mama imeanza kuvimba kwa kukosa dawa, anataka kujua kama amrudishie vidonge, au maji yale bado yanaushika moyo na vidonge vitamzidishia. Sijui yanachukua muda gani kutoka mwilini, wala kama yanatoka.