Kilo Nane na Nusu

Mama Breki alikuwa akitupa vigari vya watoto kwenye ngazi, na ndivyo alivyoviuza. Alinunua vigari vikuukuu, akavitengeneza, akavipanga dukani. Mzazi akiingia na kuanza kuuliza habari za rangi, Mama Breki alimtoa nje hadi juu ya zile ngazi kumi na mbili za saruji zinazoshuka barabarani. Alilaza ndani ya kigari mfuko wa mchanga, akaufunga mkanda, kisha akakipiga teke. Kigari kiliteremka kikigonga kila ngazi, na wazazi wakashika vinywa. Mfuko ukibaki ndani, alikinyoosha fremu na kukiuza. Ukiruka nje, alikivunjavunja kwa nyundo hata kama kilikuwa kipya kabisa, na hapo alipiga kwa hasira ambayo sikuielewa.

Mimi ni fundi cherehani. Tulipanga chumba kimoja, yeye upande wa dirisha na spana zake, mimi upande wa mlango na cherehani na pasi yangu, nikimshonea viti na mikanda. Ule mfuko wa mchanga ulinitoa jasho. Niliujaza kilo nane, akaurudisha. Nikaujaza tisa, akasonya, akaurudisha tena. Alitaka kilo nane na nusu, si zaidi wala pungufu, akaenda kuupima mwenyewe kwenye mizani ya muuza nyama wa jirani. Nilimwambia kama anataka mtoto wa vipimo vyake basi akazae. Hakucheka, nami nikadhani amenuna tu.

Wateja walitupa sinema ya bure. Mume anataka magurudumu matatu kwa sababu ni ya kisasa, mke anataka manne kwa sababu ana akili. Mama mkwe anasema enzi zake watoto walibebwa na hakuna aliyelalamika. Wapo waliobishana mwezi mzima kama wanunue kigari cha kumlaza mtoto au cha kumkalisha, mtoto akazaliwa hawajaamua. Mama Breki aliwasikiliza wote, kisha akauliza swali moja tu: "Mnakaa ghorofa ya ngapi?"

Siku moja akaja mtu tuliyempa jina la Tabasamu, maana alicheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mkewe alikuwa binti mdogo, mtoto begani, amevaa sweta la mikono mirefu na jua linawaka. Tabasamu alienda moja kwa moja kwenye kigari kikubwa kuliko vyote, chuma kitupu, kizito kama kabati.

"Samahani, mama," binti akamwambia Mama Breki kwa sauti ya chini. "Hakuna kinachokunjwa kwa mkono mmoja? Tunakaa ghorofa ya nne."

Tabasamu akacheka. "Ukikunje uende wapi? Mama, tufungie hicho kikubwa. Mke wangu hana safari."

Na Mama Breki akakifunga. Alipokuwa akimwonyesha binti mkanda, nilimsikia akinong'ona, "Siku ya kliniki pitia hapa, mwanangu. Nitakukazia breki." Walipoondoka nilimvaa. Nikamwambia amemfungia yule mtoto wa watu gerezani kwa mkono wake mwenyewe.

"Ningekataa, angenunua kwingine," alinijibu. "Na binti asingejua pa kuja."

Alikuja baada ya wiki mbili, mtoto begani, mkono wa kushoto kwenye plasta. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alianza kutueleza jinsi alivyoteleza bafuni.

"Kaa," Mama Breki akamwambia. "Hakuna aliyekuuliza."

Akatoa kigari kidogo cha kilo tano. Unabonyeza hapa, unakitikisa, kinajikunja, unakitia kwapani. Binti akajaribu kwa mkono mmoja, mfuko wa mchanga kwenye bega bovu, mimi nikihesabu kwa sauti. Siku ya kwanza nilifika mia, naye akaketi chini akalia. Kila siku ya kliniki alirudi, akakunja, akashuka ngazi zetu na kuzipanda. Siku moja alikuja na alama za vidole shingoni, na siku hiyo nilihesabu hadi kumi na tano tu. Kigari kilibaki kwetu, kikimsubiri.

Asubuhi aliyoondoka, tulimfungia mtoto mkanda pamoja. Alikuwa anakwenda kwa rafiki aliyesoma naye, ambaye mumewe hakumjua. Basi lilikuwa la saa nne na robo. Akatuaga kwa haraka, akasukuma.

Saa nne kamili Tabasamu akasimama mlangoni. Alikuwa amesahau simu nyumbani, akarudi kuichukua.

"Kigari kikubwa kipo chumbani, mke hayupo, mtoto hayupo," alisema. "Ni nyinyi mmempa kingine. Yuko wapi? Au niende stendi?"

Kwa pikipiki stendi ni dakika tano. Mama Breki akatazama saa ya ukutani. Kisha akafanya kitu ambacho hadi leo sijakisahau. Akaenda kusimama mbele ya mlango wa stoo, akachomoa ufunguo kwenye kitasa, akautumbukiza kifuani.

"Humu huingii," alisema.

Ndani ya stoo mlikuwa na magurudumu matupu.

Tabasamu akampiga ngumi ya mdomo. Kichwa chake kikagonga mlango, lakini miguu haikutoka pale. Akampiga tena, akamshika nywele, akamburuza kati ya vigari, vikaanguka kimoja baada ya kingine. Mama Breki akatambaa, akarudi mlangoni, akauegemea. Damu ilikuwa ikimtiririka kidevuni. Neno moja tu kutoka kwangu, kwamba stoo haina mtu, lingemwokoa. Nilifungua mdomo, naye akanitazama, akatikisa kichwa. Nikafunga mdomo. Nilijichukia, nikamchukia na yeye.

Nilimrukia yule mwanamume mgongoni. Alinitupa juu ya cherehani, na nikasikia ubavu ukialika. Watu walijaa ngazini wakichungulia, wakaambizana kuwa hayo ni mambo ya mke na mume. Alimpiga mateke ya tumbo, moja, mawili, nikaacha kuhesabu. Kila teke Mama Breki alitoa pumzi tu, jicho lake zima likiwa kwenye saa.

Mwishowe Tabasamu aliacha kuutafuta ufunguo, akauvunja mlango kwa bega. Magurudumu yakamporomokea, yakabingirika hadi miguuni pangu.

"Saa nne na dakika ishirini," Mama Breki akasema kwa mdomo uliovimba. "Basi limeondoka."

Tabasamu akaokota mpini wa chuma. Pasi yangu ilikuwa bado ina moto, na safari hii hakuna aliyenitikisia kichwa. Nilimbandika nayo shingoni, nikaikandamiza kwa mikono miwili, na sitasema kwamba nilijuta. Alipopiga ukelele wa maumivu, ndipo muuza nyama na wenzake wakakumbuka kuwa wana miguu. Wakamshika, wakampa kichapo chake, askari wakamchukua.

Zahanati walimshona Mama Breki mdomo nyuzi saba. Meno mawili aliyaacha dukani. Mimi nilifungwa bandeji kifuani, nikakaa kando ya kitanda chake nikiwa na hasira za kumwaga.

"Angekuua," nilimwambia. "Kwa ajili ya mtu hata jina humjui."

Alitazama dari.

"Mimi nilipotoroka," akasema, "hakukuwa na mtu wa kumchelewesha yule wangu. Alinikuta juu ya ngazi. Kigari alikipiga teke yeye. Mkanda ukakatika."

Miaka sita tulikaa chumba kimoja, na sikuwahi kujua kama alizaa. Nikakumbuka nilivyomwambia akazae. Nikamshika mkono.

"Wiki ile ile mwanangu alikuwa ametoka kupimwa kliniki," akasema.

Sikumuuliza alikuwa na kilo ngapi. Mfuko niliushona mimi.