Mpangaji wa Kompyuta

Chama chetu cha ushirika kilizoea kununua pamba bila mshindani. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia Mwanza na kompyuta zao, tukaona tumeachwa nyuma. Meneja akanipeleka kozi Dar es Salaam nikajifunze kupanga matumizi ya kompyuta ofisini. Nilirudi na mpango niliojivunia, nikasimama kuusoma mbele ya kamati.

"Mimi ndiye mpangaji wa mradi huu," nilianza.

"Mpangaji?" aliuliza mzee mmoja, mkulima wa Magu. "Na kodi unamlipa nani, kijana?"

Walicheka, nami nikacheka. Nikawaeleza taratibu kwamba kupanga huku ni kufikiri kabla ya kununua: mashine itafanya kazi gani, ataitumia nani, ikiharibika ataitengeneza nani. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Mkuu wa wapiga chapa, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akaweka kalamu chini. Ndiye mama aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini.

"Mwanangu, ataitumia nani?"

Nikafunua kurasa. Kiyoyozi kilikuwamo. Mapazia ya kuzuia vumbi yalikuwamo, hata rafu ya kuwekea viatu mlangoni. Nikasoma kwamba mashine za chapa zitauzwa; sentensi iliyofuata ilisema vijana wawili wenye vyeti wataajiriwa. Nikaifunika kwa kiganja.

"Soma tu," alisema. "Wenzangu wanataka kujua kama tunauzwa pamoja na mashine."

Safari hii hakuna aliyecheka. Miaka ile kila mtu alikuwa na ndugu aliyepunguzwa kazi. Niliisoma sentensi ile kwa sauti isiyofika nyuma ya chumba, masikio yakiniwaka, kisha nikaomba ruhusa ya kuandika mpango upya.

Nilikwenda kukaa na wapiga chapa, jambo lililotakiwa kutangulia kalamu, nikamuuliza kila mmoja siku yake inakwendaje. Nikapunguza idadi ya kompyuta, nikaweka fedha za mafunzo. Kamati ikapitisha, na hakuna mpiga chapa aliyeondolewa.

Somo la kwanza, yule mama aliketi kando yangu mbele ya kompyuta, vidole vikatua kwenye herufi bila yeye kuangalia.

"Karatasi naiingizia wapi?"

Nikamweleza polepole: hapa tunaandika kwanza, tunasahihisha, karatasi inakuja mwisho. Alinisikiliza kwa makini, macho yake usoni pangu. Mimi nilieleza yote nikiitazama kompyuta.