Kontena Lenye Jina la Binti

Fundi mkuu wetu wa mifumo hupuliza kwanza vumbi la kibodi, kisha hujenga ndani ya kompyuta yake klasta ndogo ya majaribio, yaani kundi la makontena ya programu, akinong'ona kila amri kama anayebembeleza mtoto. Kontena la kwanza hulipa jina la binti yake, aliyehamia ng'ambo kwa baba yake. Leo kidhibiti, programu ya kurudisha kontena lolote linalopotea, kilikuwa tayari. Ili kukipima, ilibidi afute kontena moja aone kama kitalirudisha. Kidole chake kikasita, akanigeukia.

"Mdogo wangu, lifute wewe. Mkono wangu umegoma."

"Dada, si kontena tu hili?"

"Futa, bwana!"

Nikafuta. Kufumba na kufumbua, jina likarudi kwenye skrini. Akavuta kiti karibu, akalitazama.

"Lifute tena," akasema.