Ubao Wenye Sauti ya Hollis

Bibi Orpha Stillwell akitaka kujua ubao una sauti gani, anauuma. Sitanii. Anashika ncha moja kwa meno ya nyuma, anagonga ile nyingine na kijiko cha chai, halafu anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Anasema masikio yanadanganya, mfupa haudanganyi.

Huku kwetu milimani Ozark, Marekani, karibu kila nyumba ina kisanduku cha kuitia bata mzinga wa porini wakati wa kuwinda. Ni kijisanduku chembamba tu cha mbao, unasugua kifuniko juu ya kingo zake, kinalia kama jike, dume anakuja mbio akidhani kapata mchumba. Wengi wanachukua ubao wowote ulionyooka. Bibi Orpha anachagua mti kama watu wanavyochagua mkwe.

Na mwaka huu alikuwa na sababu. Mumewe, Babu Hollis, hakuwahi kuhitaji kisanduku. Alikuwa anaita kwa mdomo mtupu, na vizuri kiasi kwamba majike wenyewe walikuja kumgombeza. Halafu kiharusi kikambebea mkono wa kulia na maneno yote, kikamwachia neno moja tu: hapana. Msimu uliopita wa kuwinda akaupitisha barazani, kofia usoni, madume yakinguruma bondeni na yeye kama hasikii. Bibi Orpha akasema huu mwingine haumkuti kwenye kiti hicho. Atatengeneza kisanduku chenye sauti ya mdomo wa Hollis, ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

Akaanza na walnati, mbao ngumu ya kitako cha bunduki mbovu. Akasugua kifuniko pale barazani.

"Hapana," akasema Babu Hollis chini ya kofia.

"Najua. Huyu jike haiti mume, anadai talaka."

Akaja na mcheri. Hapana. Akang'oa nguzo ya uzio, mwerezi unaonukia mpaka nyumba nzima ikawa kama sanduku la nguo, akachonga. Sauti tamu kweli.

"Hapana."

"Tamu mno, eh? Kama binti wa mchungaji."

Dewey, jirani aliyewinda na Hollis tangu wote wana nywele, alikuwa anakuja kila asubuhi kunywa kahawa yao na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Siku moja na yeye akauma ubao, akagonga, akasikiliza.

"Mimi sisikii kitu."

"Meno yako ya plastiki, Dewey. Utasikia nini?"

"Ukiendelea hivi, mama, wiki ijayo unakata mlango wa kanisa."

"Nilishaugonga. Haufai."

Nadhani alikuwa hatanii.

Msimu ukawa umebakiza siku chache kuanza, uyoga wa masika umeshaanza kuchomoza, na Bibi Orpha hana kitu. Asubuhi hiyo alikuwa anafagia chumbani. Mpini wa fagio ukagonga chaga uvunguni mwa kitanda, na kitanda kikajibu. Kwa hiyo Dewey alipoingia na kikombe chake, alichokuta ni miguu miwili imetokeza chini ya kitanda.

"Orpha, umekufa au unaomba?"

"Naonja," sauti ikatoka huko chini, mdomo umejaa ubao. "Shika godoro."

Ulikuwa mpopla, mti laini, chaga ya kitanda cha mama yake Hollis. Umekauka tangu kabla Hollis hajazaliwa, na Hollis mwenyewe alizaliwa juu yake. Na hapo ndipo Bibi Orpha alipoona kosa. Muda wote alikuwa anatengeneza kisanduku chote kwa mti mmoja, mgumu kwa mgumu, laini kwa laini. Akachonga kuta za mpopla, nyembamba mpaka mwanga unapita, akaweka juu kile kifuniko cha walnati alichokitupa kwenye kapu la kuni. Kumbe walnati haikuwa na kosa. Ilikosa mwenzake.

Akapaka chaki ili kifuniko kikwaruze, akatoka barazani, akasugua mara moja.

Safari hii hapana haikuja. Dewey akafungua mdomo, Bibi Orpha akamkanyaga mguu.

Akasugua tena. Kofia ikatoka usoni taratibu, na mkono wa kushoto ukanyooka. Sasa hapa ndipo nilipomvulia kofia huyu mama. Kitako cha kile kisanduku alikuwa amekifanya kipana, kikae pajani chenyewe, ili mkono mmoja utoshe. Hakuwa amemwambia mtu.

Babu Hollis akasugua. Kikalia kama lango lenye kutu.

"Hapana," akajiambia mwenyewe, akageuza kiganja kidogo, akasugua tena. Ikatoka sauti yake. Ile ile, na mkwaruzo mwishoni. Ng'ambo ya bonde dume likanguruma, likanguruma tena, karibu zaidi.

"Lilikuwa linakungoja, mzee," Dewey akasema, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kikombe.

Siku ya kwanza ya msimu Babu Hollis alikuwa ameshavaa buti kabla kahawa haijachemka. Aliita dume mpaka mbele ya bunduki ya Dewey, Dewey akakosa, na lile "hapana" siku hiyo lilisikika mpaka kwetu.

Kitanda chao bado kimeegemea kopo la rangi upande wa Hollis, pale ilipotolewa ile chaga. Dewey alileta chaga mpya. Bibi Orpha akaiuma, akaigonga, akamrudishia.