Kitenge cha Mama Prezida

Mama Mwamvita anauza samaki wakavu wa Nyangwe katika soko la Kasongo, na ndiye prezida wa chama chetu cha wamama wauzaji. Ni mutu wa swala tano, maneno yake machache. Akitaja bei, hubishani. Akisema jambo ni sawa, soko zima linaridhika.

Kampuni ya sigara ilipotuletea vitenge vya sare kwa sikukuu ya wanawake, yeye ndiye alivipokea. Vilikuwa vizuri, jamani, tusidanganyane. Jina la sigara lilichapwa kila mahali, hata kwenye makalio. Tulicheka, tukashona.

Mwaka haukuisha, Placide akafa, mume wa Véronique, mwenzetu anayeuza mawese. Kifua ndicho kilimumaliza. Nani hakujua alivyokuwa anavuta sigara, tangu alipokuwa anachimba dhahabu Salamabila? Na kwetu, mwenzetu akifiwa, chama kinaenda matanga kwa sare. Mama Mwamvita havunji desturi. Wala sisi wengine hatukufikiri, vichwa vyetu vitupu!

Tuliingia uani tukilia, yeye mbele. Véronique alikuwa ameketi kwenye mukeka. Aliinua macho, akasoma nguo zetu, moja baada ya nyingine. Kilio kilitukauka. Mufiwa hainuki, watu ndio wanainama kwake. Yeye aliinuka. Aliingia nyumbani, akatoka na kitenge chake cha zamani, akamufunga Mama Mwamvita kiunoni, juu ya kile cha sigara. Nilitamani ardhi inimeze.

Matanga yalipoisha, mutu wa kampuni akarudi, safari hii na viti vya plastiki. Mama Mwamvita alivikataa mbele ya soko zima, akamurudishia na kile kitenge cha sigara. Wengine walinung'unika kwa ajili ya viti. Shauri yao. Halafu akanichukua twende kwa Véronique kumupasha habari. Alitaka kusamehewa, nilimuona.

Véronique alimusikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa namuambia Placide aache kuvuta," alisema. "Alikuwa ananionyesha kitenge changu cha sare, ananiambia: 'Mama Mwamvita, mutu wa dini vile, angekipokea kama sigara iko kitu kibaya?'"

Mama Mwamvita akajifunika uso na mutandio. Tulirudi sokoni bila kuangaliana.