Mpika tambi anayekula chakula cha mchana kutwa nzima

Saa saba kasorobo, na benchi la kibanda namba 37 limekwisha kujaa. Limetengenezwa kwa ajili ya watu saba. Wamekaa tisa, na wa kumi amesimama na mwavuli wake akingoja mtu ashibe.

"Sogea, mwanangu," Bi Tak Mal-sun anamwambia kijana wa benki mwenye tai. "Hayo makalio yamelipiwa nafasi moja tu."

Kijana anasogea. Wa kumi anajipenyeza. Hakuna aliyeacha kutafuna.

Ni kichochoro cha tambi ndani ya Soko la Namsil, mjini Daegu, Korea Kusini, mwezi wa Agosti, na paa limefunika joto kama kifuniko cha chungu. Feni tatu zinazunguka juu. Zote tatu zinampepea muuza soksi.

Bi Mal-sun ana miaka 71 na mikono ya mtu anayeweza kukukunja akakuweka rafuni. Anasukuma unga wa ngano uliochanganywa na wa soya, anaukunja kama shuka, kisha kisu kinaanza mbio. Yeye hakitazami. Macho yake yako kwenye mashavu ya waliokaa benchini.

"Shavu halidanganyi," anasema. "Mdomo utasema 'nimeshiba, mama mdogo,' lakini shavu linasema 'tangu jana.'"

Mama mdogo ndivyo anavyoitwa na kila anayekaa hapo, awe mwanafunzi au jaji mstaafu. Wiki iliyopita mgeni mmoja alimwita bibi. Alipewa tambi zake, haki yake yote, na pilipili mbichi moja badala ya tatu.

Bakuli ni won elfu sita. Tambi zimelala kwenye supu ya dagaa wakavu, juu yake mboga za majani, mwani na ufuta uliosagwa. Mteja akifika katikati ya bakuli, upawa unatokea asikojua na kumwagia tambi nyingine. Hakuomba. Hatalipa. Hata kushukuru hashukuru, maana kinywa kimejaa.

Hiyo ndiyo nyongeza. Na nyongeza hiyo ndiyo inayotaka kumtoa Bi Mal-sun kibandani baada ya miaka arobaini na miwili.

Tangu Juni, karatasi ya kamati ya soko imebandikwa kwenye kila nguzo. Inasema bakuli la tambi ni gramu 650, si zaidi, si pungufu. Inasema anayetaka kuongezewa abonyeze kitufe kwenye mashine ya kuagizia na alipe won elfu moja. Inasema muuzaji atakayekamatwa mara tatu akitoa nyongeza ya bure atanyang'anywa kibanda.

Kwenye nguzo yake, Bi Mal-sun ametundika shada la vitunguu saumu juu ya karatasi hiyo. Kinachosomeka ni kanuni ya tisa peke yake: muuzaji ana ruhusa ya kula chakula chake kibandani. Vitunguu hivyo havikuning'inia hapo kwa bahati.

Ameshakamatwa mara mbili.

Mal-sun ni jina alilopewa na wazazi waliokuwa na mabinti watatu, naye wa nne, wakakusudia awe wa mwisho. Jina lenyewe ndivyo linavyosema. Mungu alilisoma, akacheka, akawaletea wengine wawili.

Mama yao alikata tambi nyumbani kila jioni. Kile kipande cha mwisho cha unga, mkia ambao kisu hakiufikii, aliuchoma juu ya makaa mpaka ukavimba na kuungua ungua, akampa mtoto. "Wasichana sita, mkia mmoja," anasema Bi Mal-sun. "Mama alikuwa anatutazama mashavu kwanza. Hakusema neno. Aliyepewa alipewa, na wengine tulijua kwa nini."

Alifungua kibanda akiwa na miaka 29. Mumewe, Bwana Ham, "ni mstaafu wa kazi ambayo hakuwahi kuianza," anasema bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Watoto watatu wamesoma kwa upawa huo huo. Siku nzuri anauza mabakuli themanini. Akiondoa kodi, gesi, na unga ambao bei yake imepanda karibu nusu katika miaka mitatu, anabaki na won milioni moja na laki tisa kwa mwezi.

"Ningekuwa natoa nyongeza kwa sababu ya utajiri, ningekuwa nimekaa chini ya feni ya muuza soksi," anasema.

Ukimuuliza kwa nini basi anang'ang'ania, anaweka kisu chini. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwaka wa tisini na nane, kazi zilipokatika, walikuwa wanakuja hapa wanaume na suti zao na mikoba yao. Kazi hawana, mikoba mitupu, wake zao nyumbani hawajui. Mtu anaagiza bakuli moja, analila saa nzima, anatazama saa kana kwamba ofisini wanamngoja. Ningemuuliza 'nikuongeze?' angekufa kwa aibu. Basi sikuuliza. Nilimwaga tu, nikamgombeza juu yake: 'Kula upesi, unanizibia benchi!'"

Anachukua kisu tena.

"Mtu akishaomba, si nyongeza tena, ni sadaka. Hawa sasa wanataka abonyeze kitufe. Mwenye njaa asiye na hiyo elfu moja, abonyeze nini? Kitovu chake?"

Benchi zima linacheka, isipokuwa mtu mmoja mwenye fulana ya kazi ambaye ameinamia bakuli lake. Upawa unashuka. Haoni, au anajifanya haoni.

Ila Bi Mal-sun si mtu wa kujisafisha mwenyewe. Anakiri kwamba karatasi ile nguzoni ilianzia mkononi mwake.

Mwezi wa Mei alikuja msichana mgeni na simu yake, akakaa kando ya dereva wa lori. Dereva aliongezewa. Msichana hakuongezewa, naye alikuwa ametoka tu kula chapati mbili za choroko kibanda cha mbele. "Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta. Nimwongezee nini, dawa ya kuvimbiwa?" Msichana akapiga picha mabakuli mawili ya bei moja, akayatupa mtandaoni, na kabla ya jua kuzama nusu ya nchi ilikuwa inauliza kwa nini Soko la Namsil linawapunja wageni.

"Hapo nilikosea," anasema. "Si kumnyima. Nyongeza hutolewa jirani akiwa ameinamia bakuli. Mimi niliimwaga msichana ameinua kichwa. Mama angeniona angenichapa."

Mara ya kwanza alikamatwa na mkaguzi mwenyewe. Mara ya pili alisemwa kwa mkaguzi, na aliyemsema anamwona kila siku.

Bi Bang Chun-ja ana miaka 73. Anakaanga chapati za choroko ng'ambo ya kichochoro, hatua mbili kutoka hapo, na wawili hao wamegombana miaka thelathini na tisa. Ndoa nyingi hazidumu hivyo.

"Mimi sikumsema mtu," anasema Bi Chun-ja, akigeuza chapati. "Mkaguzi kauliza, nimejibu. Uongo ni dhambi."

"Tangu lini, dada?" Bi Mal-sun anadakia kutoka ng'ambo. "Hizo choroko zako umeziambia ni za mwaka huu?"

"Wewe pika! Wateja wako wakishibishwa bure hapo, kwangu wanakuja kunusa tu!"

"Basi toza harufu!"

Saa saba na dakika kumi mkaguzi anatokea. Bwana Pyo ana miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikono, mizani ya kidijitali kwapani. Kichochoro kinapunguza sauti. Mtu wa mwavuli anaacha kupuliza supu.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, Bwana mkaguzi. Leta hiyo mizani, isije ikapata baridi."

Bwana Pyo anachukua bakuli lililotoka kuandaliwa la yule kijana wa benki, ambaye ameagiza la pili. Analiweka juu ya mizani. Gramu 650. Anachukua la mwanamke wa pembeni. Gramu 650. Anakuna shingo.

"Safi kabisa," anasema, na sauti yake ina huzuni kidogo.

Hapo ndipo mtu mwenye fulana ya kazi anafika tena katikati ya bakuli. Na mbele ya macho ya mkaguzi, Bi Mal-sun anachota tambi na kummwagia.

Benchi zima linaacha kutafuna. Hata mafuta ya Bi Chun-ja kama yameacha kuchemka.

"Mama!" Bwana Pyo anatoa daftari. "Hii ni ya tatu. Mbele yangu!"

"Ya tatu ya nini?"

"Nyongeza!"

"Hapana, mwanangu. Angalia nimechota wapi."

Bwana Pyo anatazama. Upawa haukutoka kwenye sufuria. Umetoka kwenye bakuli la shaba lililokaa kando ya Bi Mal-sun, bakuli la harusi yake, pana kama beseni la kuogeshea mtoto, limejaa tambi mpaka mdomoni.

"Hicho ni chakula changu cha mchana," anasema Bi Mal-sun. Anaonyesha kwa kidole chini ya vitunguu saumu. "Kanuni ya tisa. Mmeandika wenyewe."

"Chakula chako? Hilo lote?"

"Nina hamu ya kula."

"Umeanza kula saa ngapi?"

"Saa nne."

"Sasa ni saa saba!"

"Daktari kasema nitafune polepole."

Mtu anapaliwa na supu. Bwana Pyo anakunja uso, naye si mjinga. "Mama, kanuni inasema kula. Haisemi kugawa."

Bi Mal-sun anaweka upawa chini na kumtazama, kwanza machoni, kisha mashavuni. "Bwana mkaguzi, kwenu mlikuwa mnakulaje? Kila mtu na kona yake, amegeukia ukuta? Au chakula kilikaa katikati, na mama yako akakuchotea kutoka upande wake?"

Bwana Pyo anaitazama mizani yake.

"Basi nami ndivyo nilivyofundishwa kula. Andika kwamba kula ni kosa, nami kibanda nitakuachia leo hii, na benchi juu yake."

Kalamu iko juu ya karatasi. Yule mwenye fulana ya kazi ameacha kula, bakuli mkononi, hajui kama tambi zilizomo ni halali. Kibanda cha miaka arobaini na miwili kinaning'inia kwenye ncha ya kalamu, na mwenye kibanda anakatakata vitunguu.

Sauti inatoka ng'ambo.

"Bwana mkaguzi!" Ni Bi Chun-ja. Ameshika sahani yenye chapati nne za choroko, za moto. "Na mimi niko chakula cha mchana. Utaniandika?"

Anamkatia kipande mteja aliye karibu, anamtia mdomoni kabla hajakataa. Asifikirie mtu kwamba ni huruma. "Nimwache huyu apate wateja wote peke yake kwa ujanja?" anafafanua baadaye. "Kama ni kula, nami nina meno. Tena yangu."

Kabla Bwana Pyo hajageuka, muuza maandazi ya mvuke amekaa chini na kuanza kula. Na muuza uji wa maboga. Kichochoro kizima kimepatwa na njaa kwa wakati mmoja.

Bwana Pyo anaandika. Bi Mal-sun anasoma kwa sauti, maandishi yamepinduka, kutoka upande wake wa kaunta: "'Kibanda 37. Uzito sahihi. Mmiliki anakula.'"

Alama ya tatu haipo. Daftari linafungwa.

"Jumatatu kamati itakaa juu ya jambo hili la chakula cha mchana," anasema Bwana Pyo. "Sikuahidi kitu, mama."

"Usiniahidi. Kaa."

"Niko kazini."

"Mimi niko mapumzikoni." Kutoka juu ya jiko anatoa mkia wa unga, umevimba, umeungua kingo, anauweka kwenye sahani ndogo mbele ya Bwana Pyo na kugeuka kushughulika na sufuria. Kama mkaguzi aliula, Bi Mal-sun hakuona, maana alikuwa amegeuka. Ila sahani ilirudi tupu, imefutwa hadi chembe ya mwisho.

Je, Jumatatu wakikataza wauzaji kula mchana?

"Kuna cha asubuhi," anasema. "Kuna cha jioni. Kuna kuonja chumvi. Mimi nimezaa watatu na kuolewa na Ham, kamati hainitishi." Anataka kukata tambi hapo mpaka afike themanini, kisha amwachie kibanda binti yake wa pili, ambaye anasukuma unga vizuri lakini bado anawauliza watu kama wameshiba. "Huyo lazima nimponye kwanza."

Saa kumi, benchi likiwa limepungua mpaka watu sita, anavua aproni na kuvuka vichochoro viwili hadi kwa muuza vyombo vya shaba. Anapita mabakuli madogo, anapita ya kati, anagonga moja la juu kabisa kwa ukucha na kulisikiliza linavyolia.

"Hilo ni la shughuli, mama mdogo," anasema muuzaji. "Harusi, msiba. Unalitakia watu wangapi?"

"Mmoja," anasema Bi Mal-sun. "Nifungie. Jumatatu nalitaka kwenye kikao, limejaa, katikati ya meza, na nitakwenda sijala."