Kidude Kilichomnusa Kaka

Meno mawili ya mbele ya kaka yangu niliyang'oa mimi, Jumapili mchana, uani kwetu Lizaboni. Yeye akanivunja kidole. Watu wazima wote wawili! Chanzo kilikuwa unga usiojaza hata kijiko cha chai.

Nilikuwa nimeutengeneza chuoni. Unapika maji ya sukari kwenye chombo kilichofungwa mpaka yatoe vipunje vya kaboni, unavipaka chumvi ya bati, unavichoma tanuruni. Kaboni inaungua yote, linabaki ganda tupu la oksidi ya bati lisiloonekana kwa macho. Hewa ya sumu ya mkaa ikiligusa, umeme unapita kwa wepesi zaidi na king'ora kinalia. Kidude chenye unga huo nilikitengeneza kwa ajili ya mama, ambaye kila baridi ya Juni huingiza jiko la mkaa chumbani na kujifungia. Alikataa kulala nacho chumbani, nikakitundika sebuleni, juu ya mlango wake.

Kasoro yake niliijua. Hakikutofautisha hewa ya mkaa na mvuke wa pombe. Nilikitundika hivyo hivyo, kwa papara zangu.

Jumapili hiyo ya baridi ya Juni, kaka alirudi kutoka kunywa pombe ya komoni. Alipoingia tu, kikalia.

"Hata mashine inajua umelewa," nikamwambia, nikacheka.

"Dude lako linaninusa mimi? Mimi mkubwa wako?"

Akanizaba kofi. Nikamkaba shati, nikamburuta hadi uani, nikampiga ngumi za mdomo. Akanipindua, akanikanyaga mkono, nikasikia kidole kikivunjika. Majirani walipiga kelele. Nilitaka kumuua, sisemi uongo. Kidude kililia ndani muda wote, na kila kilipolia nilizidisha kipigo, maana nilikiona kiko upande wangu.

Kaka akatema damu, akanisukuma.

"Mbona bado linalia? Mimi si niko huku nje?"

Nikakumbuka jiko la mama. Tulikimbia ndani. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa kwa komeo. Kaka aliuvunja kwa bega. Mama alikuwa sakafuni, jiko lenye makaa mekundu kando yake. Tukamtoa uani, kaka akampepea kwa kanga huku analia.

Mama alitapika, akafumbua macho, akatutazama nyuso.

"Nani kawapiga wanangu?"

Kaka alifunika mdomo. Mimi nikasema tumeumia tukivunja mlango.

Mama akanishika mkono wenye kidole kilichovunjika, akatushukuru.